Dua ya Safari Iliyosomwa Mapema

Mdogo wangu alisoma mpaka chuo kikuu, Mlimani, akawa mwalimu wa hukohuko. Mimi niliishia darasa la nne. Kazi yake, alivyonieleza tukichambua mchele uani kwetu Kariakoo, ilikuwa kuchunguza umeme mdogo ulio ndani ya miili yetu, ule unaoufanya msuli ushtuke na moyo upige. Aliuchunguza kwa vyura. Jioni tulishuka bonde la Jangwani, yeye na tochi, mimi na ndoo yenye kifuniko. Jirani yetu muuza vitumbua, ambaye jina lake ninalo kama ninavyoyakumbuka ya mtaa mzima, ila sitaji mtu, akituona tunarudi hupaza sauti:

"Haya, Bi Vyura! Leo wa mchuzi au wa kukaanga?"

"Nakuletea mmoja mnene, mama, umtie kwenye vitumbua," mdogo wangu humjibu.

Ndipo wataalamu wa Ulaya wakamchagua kumpa nishani. Nishani yenyewe hakuishughulikia sana. Alichokitaka ni kilichoandamana nayo: nafasi ya kazi kwenye maabara yenye mashine ambayo hapa kwetu haikuwepo. Lakini lazima afike mwenyewe siku ya sherehe. Asipofika, nafasi anapewa anayemfuata. Tiketi walituma wao. Kilichobaki ni kibali cha kutoka nchini.

Tulikwenda ofisini, kule upande wa Posta, tukaenda tena na tena.

"Ndugu, faili lako liko kwa mkubwa," karani akasema.

"Mkubwa mwenyewe yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Kwani mimi mkewe?"

Balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama pale mtaani, aliicheka hofu yetu. "Hiyo sifa ya taifa, nani ataizuia? Msomeeni dua mtoto."

Tukamsomea. Mtaa mzima ulikuja. Muuza vitumbua alimvika kanga mpya mabegani, akamnong'oneza, "Mimi sabuni tu, mwanangu. Ya kunukia." Sabuni wakati ule ilikuwa haionekani, ikija duka la ushirika foleni inazunguka nyumba. Mdogo wangu akatoka mlangoni kwa mguu wa kulia, na watu wakaitikia amina. Kwetu, aliyekwisha kuagwa hivyo harudi mlangoni kabla ya safari. Ni kama kuwatupia watu dua yao.

Kule uwanja wa ndege tulimngoja mtu wa ile ofisi aliyeahidi kutuletea kibali hapohapo. Hakuja. Ndege iliruka sisi tunaiangalia.

Jua likizama nilimwingiza kwa mlango wa uani. Mama akamweka chumba cha ndani, akasema atulie humo mpaka siku za safari zipite. Mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, anakohoa kwenye mto asisikike! Nilimpelekea uji, nikakaa naye kitandani. Sikuwa na mkubwa ninayemjua, wala neno la kisomi la kumpoza. Siku ya sherehe akaniuliza saa, akapiga hesabu ya saa za Ulaya.

"Sasa hivi wanasoma jina langu," akasema.

Uani vyura wake walikuwa wanalia ndooni.

"Dada, kawaachie hao."

Nikawarudisha Jangwani peke yangu. Haikupita muda ikaja telegramu: nafasi kapewa mwingine.

Siku zilipotimia alioga, akajifunga ile kanga, akatoka barazani. Muuza vitumbua aliacha kikaango chake motoni akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu nyumbani! Ulaya baridi?"

"Baridi sana."

"Na mzigo wangu?"

Mdogo wangu alinitazama. Nami nikatazama chini.

"Sikuweza kuja nao, mama," akasema, na hapo machozi yakamtoka, yale ambayo chumbani hakuyatoa hata mara moja. Yule mama akamkumbatia, akampangusa uso kwa upande wa kanga, anacheka kwa huruma.

"He! Sabuni tu, mwanangu. Sabuni nayo ya kulilia?"