Bakuli la Vibiongo

Onofre hakuwa na moyo wa kuua samaki, isipokuwa samaki wa kula. Kwa mtu anayefuga samaki wa mapambo hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, na katika bonde la Jenipapo, ambako miteremko yote iliyokuwa ya kahawa ilishachimbwa mabwawa, watu walimcheka mpaka wakachoka.

Kazi yao ilikuwa hivi. Samaki wakikomaa huvuliwa, humwagwa kwenye meza yenye kingo iliyojaa maji, kisha mtu anainama na kuwachagua. Wazuri hutiwa kwenye mifuko ya maji na hewa, hupandishwa lori, wakaenda kuishi ndani ya vioo kwenye sebule za watu wa mijini. Wabaya, yaani vibiongo, chongo na waliopauka rangi, hutupiwa kuku. Ndiyo maana kuku wa Jenipapo walikuwa wanono kuliko wa kwingine. Wa Onofre walikuwa mifupa mitupu. Yeye aliwatia vibiongo wake kwenye bakuli la bati, akashuka nao hadi kijitoni, akachutama na kuwamimina polepole.

"Padri huyo, anakwenda kubatiza!" Valdeci alipaza sauti kutoka kwenye mabwawa yake ya jirani. "Padri, huyo mwenye mkia wa kupinda umempa jina gani?"

Onofre aliendelea kumimina. Alikuwa mtu wa haya, tena hakuoa, na majibu makali hayakumjia ila usiku akiwa kitandani, wakati hayana kazi. Tabia ile alilelewa nayo. Mama yake, Dona Ercília, tangu yeye akiwa mdogo alikuwa akimwambia: "Chenye pumzi, ama ukile ama ukiache. Usikitupe chini kikafa bure."

Valdeci ndiye aliyeleta wale wekundu. Alikuwa akinunua samaki wa bonde zima na kuwapeleka sokoni, kwa hiyo alichosema Valdeci kinauzika, ndicho kilichofugwa. Alifika na chupa, ndani yake samaki wembamba kama vijiti vya kiberiti, wekundu kama pilipili iliyoiva. Alipowamulika kwa taa ya buluu, waliwaka kama makaa.

Onofre akampelekea mama yake chupa hiyo barazani. Dona Ercília aliisogeza chupa mbele ya macho.

"Wamemfanya nini huyu?"

"Wamemtia vinasaba vya kiumbe wa baharini, mama. Ili awake."

"Kwani alikuwa anaumwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Watu wanapenda kumtazama."

Mama akairudisha chupa. "Maskini. Hata kujificha hawezi."

Serikali ilikuwa imekataza kuwafuga. Onofre alilisema hilo, kwa sauti ya chini, na Valdeci akamcheka. "Sheria inakaa mji mkuu, Brasília, Padri. Wewe unakaa Jenipapo. Usipofuga hawa, fuga kuku." Halafu akamshika bega, safari hii bila mzaha. "Ila nisikilize. Vibiongo wa hawa, kuku tu. Hakuna ubatizo. Umenielewa?"

Onofre akaitikia kwa kichwa. Na siku ya kwanza ya kuchagua, alipowaona wale waliopinda mgongo wakizunguka bakulini, wekundu, bila pa kujificha, alisimama mbele ya kuku wake na bakuli mkononi mpaka kuku wakachoka kumsubiri. Alijiambia kwamba kijitoni ndege korongo atawameza upesi, na aliyeliwa hakufa bure. Akashuka.

Akafanya hivyo kila siku ya kuchagua. Korongo hakuja. Kijito cha Jenipapo ni chembamba, kinapita chini ya miti, na ndege mkubwa hapati pa kutua.

Jambo ambalo Onofre hakulifikiria, ijapokuwa samaki ndiyo ilikuwa kazi yake, ni kwamba ubiongo ule haukuwa wa damu. Ulikuwa wa bwawa, wa kubanana na kulishwa vibaya. Walipofika kwenye maji yanayotembea wakataga, na watoto wao wakatoka wamenyooka.

Kila Ijumaa Kuu, nyumba ya Dona Ercília ilikula lambari, samaki wadogo wa rangi ya fedha kama dagaa walionona, waliokaangwa wakawa wakavu, pamoja na ugali laini na sukumawiki. Lazima wawe wa kijito chao na wavuliwe asubuhi hiyohiyo. Mama yake mama alifanya hivyo. Mwaka huo Onofre alizamisha ungo chini ya mizizi, mahali palepale alipofundishwa, akauinua. Ungo ulikuwa mwekundu. Lambari walikuwa wachache, wakirukaruka katikati ya wale wengine kama wageni kwenye harusi ya watu. Alimpelekea mama sahani moja, akamwambia yeye mwenyewe ameshashiba.

Mwaka uliofuata mama alikuwa hashuki tena kitandani. Kwaresima ilipoanza, alisema, "Mwaka huu nikaangie lambari vizuri. Sidhani kama nitaona Ijumaa Kuu nyingine."

Onofre alianza kushuka kijitoni kila asubuhi, mapema, ajue lambari walikohamia. Huko akakutana na msichana aliyevaa mabuti marefu, Luzimara, wa chuo kikuu, akiwa na wavu na vichupa.

"Mzee, hawa wekundu unawajua?"

"Nawajua."

Luzimara hakumuuliza zaidi, na Onofre alimshukuru moyoni kwa hilo. Baada ya kumtazama akihesabu samaki wake, alijikaza akauliza yeye. "Lambari wamekwenda wapi?"

"Sijui, mzee. Hawa wanakula wadudu walewale wanaoliwa na lambari, na wanazaa mwaka mzima. Lakini pia kuna chokaa mnayooshea mabwawa, inateremka huku. Pengine ni hawa, pengine ni chokaa, pengine vyote viwili."

"Na kuwatoa hawa?"

Luzimara alifunga kichupa chake kabla ya kujibu. "Kijito kizima? Hawatoki, mzee."

"Hata tukianza leo?"

"Hawatoki."

Siku hiyo Onofre alibeba chokaa ya ghala lake na kuimwaga kwenye mabwawa yake yote ya wekundu, mifereji akiwa ameiziba kwa udongo. Samaki walipanda juu, wakalala ubavu. Alisimama akawatazama wote, kwa sababu aliona kuondoka ni aibu zaidi.

Valdeci alikuja mbio, kofia mkononi. "Umerogwa wewe! Unaua mali?"

"Naua."

"Leo? Baada ya kuwapeleka kijitoni wewe mwenyewe kwa bakuli? Nilikwambia nini, Padri? Kuku! Nilisema kuku!"

"Ulisema." Onofre aliinua macho. "Na bwawa lako ukilikausha, maji huyamwaga wapi?"

Bonde zima, tangu siku za babu zao, maji machafu, pamoja na vyote vilivyomo, yalimwagwa kijitoni. Hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo nalo ni jambo.

"Pale anapomwaga kila mtu," Valdeci alisema, akavaa kofia yake akaondoka.

Ijumaa Kuu Onofre alizamisha ungo tangu alfajiri mpaka jua likasimama utosini. Hakupata lambari hata mmoja. Akaenda dukani, akanunua samaki wa barafu, akamkata vipande vidogo vya ukubwa wa lambari, akamkaanga mpaka akawa mkavu. Mama alitia kipande kimoja mdomoni, akakitafuna muda mrefu.

"Huyu si wa kwetu."

"Maji yamekuwa makubwa, mama. Nitajaribu kesho."

Mama akaisogeza sahani kwa upande wa mkono. Hakugombana naye. Siku hiyo hakula tena.

Tangu hapo Onofre hushuka kila siku na ungo na lile bakuli la bati. Anawachambua wekundu kutoka kwenye majani, mmoja mmoja, anambana kichwa kwa kidole gumba, anamtupa ukingoni. Mwanzoni alikuwa akiwahesabu. Sasa hahesabu tena, na hilo linamtisha kuliko chochote. Ukingo umekuwa mwekundu na unanuka, na hata kuku hawafiki huko. Chini ya mizizi, akichungulia, wako wengine, wanapita wakimetameta bila haraka.

Akirudi nyumbani, mama husikia bati likigonga mlango.

"Umepata, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Usiwatupe chini lakini."

"Siwatupi," Onofre humjibu, na kwenda kunawa mikono.