Risasi Nzito kwa Mkono Uliochoka

Saa kumi na mbili asubuhi, Marlys Kangas anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, na anaikwangua kwa hasira. Redio ya jana jioni ilitaja baridi. Barafu haikuitaja.

Mara anasimama, anazunguka nyuma ya gari na kufungua buti. Ndani kuna mkoba wa bluu wenye risasi mia tatu za bastola, ambazo amezijaza baruti mwenyewe nyumbani tangu Juni. Anagusa boksi la juu, kisha anauondoa mkono kama aliyeungua.

"Zimelala nje," anasema. "Mjinga mimi. Nimeziacha nje usiku kucha."

Kwa mtu mwingine hili lisingekuwa jambo. Risasi si viazi, haziozi kwa baridi. Lakini baruti iliyopoa huwaka kivivu, na risasi hutoka polepole. Leo, kwenye mashindano ya jimbo, uvivu huo unaweza kumfutia Marlys alama zote. Mwaka jana ulimfutia.

Marlys ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa mkata nyama katika duka la vyakula la Halfmoon Lake, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota ambako kila mtu, mwandishi wa makala haya akiwamo, amekula soseji iliyopita mikononi mwake. Analipwa dola ishirini na mbili kwa saa. Kisu kimemjengea nyumba na kumsomeshea binti, kisha kikaudai mkono wa kulia.

Vidole vitatu hufa ganzi tangu anapoamka. "Nikishika kikombe, siamini kama nimekishika mpaka nikitazame," anasema. "Dukani nimeacha kuongea na wateja nikiwa nakata. Naogopa nitamuuzia mtu kidole."

Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Daktari hakumwahidi kitu. Mishipa ya fahamu imebanwa miaka mingi mno. Huenda nguvu ikarudi, huenda isirudi.

Ndiyo maana Marlys anataka jambo moja tu Jumamosi hii: ashiriki mashindano ya jimbo na alama zake zihesabiwe, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Hataki kombe. "Kombe nitaliweka wapi, juu ya friji? Nataka jina langu na namba mbele yake. Namba yoyote, ila isiwe sifuri."

Mchezo wenyewe ni wa mbio na shabaha. Mshindani hukimbia kutoka pembe hadi pembe akipiga shabaha za karatasi na vibao vya chuma, huku saa ikimhesabia. Ili asitokee mjanja wa kutumia risasi legelege zisizotikisa bastola, iko sheria: uzito wa risasi ukizidishwa na kasi yake, kwa hesabu yao, lazima ufikie mia moja ishirini na tano. Ukipungua hata nukta moja, umepiga bure.

Kiwango hicho hufikiwa kwa njia mbili: risasi nyepesi inayokwenda mbio, au nzito inayokwenda taratibu. Wengi katika klabu yao ya shabaha wanatumia ya greni mia moja kumi na tano. Greni ndicho kipimo chao cha uzito. Marlys alikuwa mmoja wao mpaka mkono ulipogoma. Miaka miwili iliyopita akahamia ya greni mia moja arobaini na saba, ambayo hata gramu kumi haifiki. Baruti ikapungua, na mkono ukapumua.

"Nyepesi inakuzaba kofi," anaeleza. "Nzito inakusukuma tu, kama ng'ombe anayekuegemea zizini."

Si wote walioafiki. Gordy Prebich, fundi mstaafu wa mgodini ambaye ni jirani yake na mpinzani wake wa miaka yote, hajawahi kumwacha apumue.

"Marlys, hizo ni risasi au mawe ya kusagia?" anamwambia kila wakikutana uwanjani. "Ukifyatua, mimi naenda zangu kunywa kahawa, narudi, bado iko njiani."

"Nenda kanywe, Gordy. Ukirudi uniletee na yangu."

Mwaka jana, Gordy alikaribia kuwa na haki ya kucheka. Marlys alikuwa amenogewa. Kila alipopunguza baruti kidogo, mkono ulishukuru, naye akapunguza tena. Tamaa mbele, mauti nyuma. Siku ya mashindano, mashine ya kupima kasi ikaonyesha mia moja ishirini na moja, na jina lake likabandikwa ubaoni likiwa na sifuri.

Safari hii alijihadhari. Mwezi Agosti, siku ya joto kali, alipima akapata mia moja ishirini na nane. Angeweza kuongeza baruti kidogo zaidi akalala usingizi wake. Hakuthubutu. "Ningeongeza, ningepita kwenye mashine, halafu saa sita mchana nisingeweza kuishika bastola," anasema. Akaacha mwanya mdogo, akautegemea. Sasa barafu imekuja kuula mwanya huo.

Uwanja ni shimo la zamani la kokoto, nje ya mji. Nyasi zake zimekuwa nyeupe. Gordy anazisikia habari za buti na kwa mara ya kwanza hacheki.

"Zitie kwapani, mwanamke wewe! Zipate joto!"

"Risasi mia tatu kwapani? Mimi kuku?"

"Basi ziweke garini, uwashe hita."

Anakwenda kufanya hivyo, lakini amechelewa. LeRoy Sundquist, dereva wa basi la shule ambaye siku za mashindano ndiye mkaguzi wa risasi, ameshafika kwenye kundi lao. Anachomoa risasi nane kwenye mkanda wa Marlys, bila kuchagua, anazitia katika kimfuko chenye namba yake na kuondoka nazo. Hizo ndizo zitakazoamua. Zitakazopashwa joto sasa hazisaidii kitu.

Zamu yao ya kupimwa ni baada ya vituo vitatu vya kupiga shabaha. Marlys anapiga vituo hivyo kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Anasahau kibao kimoja kizima. Kila akimaliza, macho yake yanakwenda kwenye turubai ambako LeRoy anapimia, kisha kwenye jua, kisha kwenye turubai tena. "Lipande basi," analiambia jua. "Leo tu."

Hatimaye wanaitwa. LeRoy anaichukua risasi ya kwanza, anaitia katika nyundo ya plastiki yenye tundu na kuigonga kwenye gogo mpaka ganda na risasi yenyewe, ile ncha inayoruka, vinaachana. Risasi anaiweka kwenye mizani. Mia moja arobaini na sita na nukta moja.

"Boksi limeandikwa arobaini na saba," anasema Marlys.

"Boksi halishindani, Marlys. Unashindana wewe."

LeRoy anapiga risasi tatu juu ya mashine kwa bastola ya Marlys. Hesabu inakuja pungufu. Anapiga tatu nyingine, kwa kuwa sheria inaruhusu, na anachukua tatu zilizokwenda kasi kuliko zote. Mia moja ishirini na nne na nukta sita.

Bado haijatosha. Mwandishi huyu amezoea kuandika habari za moto na za mahakamani, lakini hapo alisahau kuandika.

Imebaki risasi moja, na sheria inampa mshindani chaguo moja. Ikifyatuliwa, huenda kasi yake ikapandisha hesabu. Ikibanduliwa kwenye ganda na kupimwa, na ikiwa nzito kuliko ile ya kwanza, basi uzito wake ndio utakaotumika. Viwili kwa pamoja haviwezekani.

"Ifyatuliwe!" Gordy anadakia. "Jua limeshapanda, hiyo imepata joto. Marlys, nisikilize mara moja tu katika maisha yako."

Marlys anaitazama risasi ile mezani. Anaisukuma kwa LeRoy kwa mkono wa kushoto.

"Kasi ndiyo inayoniangusha tangu mwaka jana," anasema. "Mimi nilichagua uzito. Pima, LeRoy."

Nyundo inagonga gogo mara tatu. Baruti inamwagika, LeRoy anaipuliza risasi na kuiweka kwenye mizani. Upepo unachezesha tarakimu. Anaikinga kwa kofia yake, anangoja zitulie, anabonyeza kikokotoo, anabonyeza tena.

"Arobaini na sita na nukta nane. Mia moja ishirini na tano na nukta mbili."

"Rudia," anasema Marlys.

LeRoy anarudia, akionyesha kila tarakimu. Marlys hashangilii. Anakwenda kukaa juu ya tairi kuukuu, anaubana mkono katikati ya magoti, na machozi yanamtoka bila sauti. Gordy anamletea kahawa.

"Chupuchupu," anasema akimpa kikombe.

"Chupuchupu nayo ni namba, Gordy."

Jioni Marlys anakuwa wa arobaini na tisa kati ya washindani sitini na watatu. Anaupiga picha ubao wa matokeo na kumtumia binti yake.

Jumanne moja, wiki mbili baadaye, baada ya kazi, mwandishi anamkuta katika chumba cha chini ya nyumba yake, akijaza tena. Ganda tupu, fataki mpya ya kuwashia, baruti, risasi. Mkono wa mashine anauvuta kwa kushoto, polepole. Za nini, ilhali msimu umekwisha na upasuaji ni wiki mbili zijazo?

"Za masika. Baada ya upasuaji huenda nisiweze kujaza, na mtu mwingine simwachii kazi hii. Gordy angenilipua."

Kinachomnyima usingizi ni kiasi cha baruti. Mtu hujaza risasi kulingana na mkono anaoujua, na huu utakaotoka kwa daktari haujui. Ukirudi na nguvu, risasi yoyote itamfaa. Usiporudi, hata hizi za sasa zitakuwa kali kwake. Amefikiri wiki nzima, akaagiza risasi za greni mia moja hamsini na nane, nzito kuliko zote alizowahi kutumia, ili baruti ipungue zaidi. Amezijaribu chache uwanjani, akaona kiwango kinafikiwa, hata kwa baridi.

Boksi la kwanza limejaa. Analifunga na kuandika juu yake "Mei", kisha anavuta boksi la pili.

"Sijui nitarudi na mkono gani," anasema bila kuinua macho. "Kwa hiyo nauwekea zile zitakazouhurumia."