Mke Mwenzangu Alipogombea Udiwani

Kata yetu ilikuwa ya katikati ya mji wa Kasulu: soko, msikiti, maduka, na nyumba za watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza la duka moja la nguo, na kwa kuwa nusu ya mji ilivaa alichokishona yeye, aliamini mji mzima ungempigia kura.

Aligombea udiwani mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chama kilikuwa kimoja na wagombea walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Hawakuruhusiwa kupita mitaani kujinadi. Viongozi wa Chama waliwazungusha pamoja, kila mmoja akapewa muda wake wa kusema, na kusema kwenyewe kwa Kiswahili tu. Kiswahili mume wangu alikuwa nacho, kwao ni Ujiji. Kilikuwa kizuri mno. Wauza maharage sokoni, ambao nyumbani tulisemezana nao Kiha, waliniambia, "Mzee wako anaongea vizuri mpaka tunasahau alichosema." Alishindwa na bwana mmoja wa kilimo, mgeni kutoka Tabora, aliyesema maneno machache kuhusu mbolea akakaa chini.

Baada ya kushindwa alikuwa mtu wa kununa. Akaanza kwenda Kibondo kushona sare za shule, akikaa huko siku kadhaa kila safari. Nilijua kabla hajasema. Mwanamume anayerudi safarini hana njaa, ujue amelishwa.

Mke mwenzangu alishuka kwenye lori mchana, mbele ya watu wote, na sanduku la bati na ubao mweusi aliouzungushia kanga. Kwao ni Busunzu, huko Kibondo, lakini alikuwa amesoma, na kazi yake ilikuwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Alinipigia goti akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, dada," ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha zamani. Nikaitikia. Nikamwonyesha chumba chake. Halafu nikaingia jikoni nikapika ugali mgumu kiasi kwamba watoto waliniangalia.

Sitaki mtu afikiri mume wangu alibagua. Kanga alileta doti mbili zilizofanana, zamu alizishika, nyama ilipimwa. Kilichonichoma ni gazeti. Jioni yule mwanamke alikuwa akimsomea gazeti kwa sauti barazani, na mume wangu, ambaye mwenyewe alijua kusoma vizuri tu, alikuwa anasikiliza kwa kufumba macho. Halafu wanabishana. Kwa miaka yote niliyokaa naye hatukuwahi kubishana juu ya kitu kisichokuwa chumvi au ada ya shule. Nilikuwa nikisikia vicheko vyao nikiwa naosha sufuria, na nikaosha sufuria zile mpaka zikang'aa kama za harusi.

Darasa lake lilikuwa kwenye shule ya msingi nyuma ya soko. Wanawake wote wa sokoni walikwenda, hata bibi mmoja muuza tumbaku ambaye hakuona vizuri. Mimi sikwenda. Aliniomba mara nyingi, kwa adabu. "Dada, njoo ukae hata nyuma." Nikamwambia kuna mtu lazima abaki na nyumba. Nilijifunza kusoma baadaye sana, kwa mtu mwingine.

Basi yule diwani wa kilimo akahamishwa, na kiti kikawa wazi. Mume wangu alipeleka jina lake Chamani siku ile ile. Jioni, tukiwa watatu kwenye mkeka, mke mwenzangu akasema wanawake wa kisomo wanamtaka na yeye apeleke lake, akaomba ruhusa.

Mume wangu alicheka. "Peleka tu," akasema. "Watalikata, lakini utakuwa umejaribu."

Majina yakapelekwa kwenye kamati ya wilaya, yakarudi mawili. La kwanza lilikuwa la karani mstaafu wa mahakama. La pili lilikuwa la mke mwenzangu. La mume wangu halikuwamo, na hakuna aliyemweleza sababu.

Alirudi nyumbani akapita chumbani kwa yule mwanamke bila kusimama, ingawa zamu ilikuwa yake, akaja mpaka jikoni kwangu. Akaketi kwenye kigoda. Mume wangu hakuwahi kuketi jikoni.

"Mama watoto," akasema, "wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii."

"Najua."

"Wanawake wa mtaa wanakusikiliza. Ukiwaambia karani ni mtu mzima na mwenye busara, watakuelewa. Huna haja ya kumsema mtu vibaya."

Nikaendelea kuchambua maharage. Nilikuwa nimengoja kwa muda mrefu mtu huyu aje aketi karibu yangu anishauri jambo kubwa. Sasa amekuja, na anachozungumza ni yule mwanamke. Nikamtazama alivyokonda uso kwa siku moja, nikafikiri: mimi hata nikifanya nini, hatanichukia hivi. Kumbe hata chuki yake nilimwonea yule mwanamke wivu.

"Nimekusikia," nikamjibu. Sikuahidi kitu.

Mkutano wa wagombea ulifanyika uwanja wa soko. Nilikwenda, nikasimama pembeni na wauza ndizi. Karani alipewa jembe, mke mwenzangu nyumba. Karani aliongea kuhusu nidhamu. Mke mwenzangu aliongea kuhusu maji: kwamba bomba linafika bomani na nyumba za wakubwa, na wauzaji wa sokoni wanachota mtoni. Alisema kwa Kiswahili kifupi chenye lafudhi yetu ya Kiha, na kila mtu alimwelewa.

Mzee mmoja mwenye kofia akanyoosha mkono. "Ukiitwa mikutanoni Kigoma, mume wako atapikiwa na nani?"

Watu wakacheka. Mke mwenzangu akangoja wanyamaze.

"Mke mwenzangu yupo," akasema. "Anapika kunishinda. Mume wangu anajua, na hata ninyi mliokula kwetu mnajua."

Safari hii walicheka wakinigeukia mimi, na wauza ndizi wakanipiga mabegani. Uso uliniwaka moto. Alikuwa amenisifu mbele ya mji mzima, na sikuweza kumshukuru, kwa sababu niliona pale pale kwamba ameshashinda, na kwamba amenitumia mimi kama ngazi.

Siku ya kura nilipanga foleni shuleni. Nilipewa karatasi nikaingia nyuma ya pazia. Jembe huku, nyumba kule. Wengi baadaye walinisifu kwa moyo mzuri, na niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu zangu. Nilijiambia: akishinda atakuwa kila mara mikutanoni, mwanamume huyu atachoka kumngoja, atarudi kwangu. Nikaweka alama kwenye nyumba, nikaikandamiza penseli hata karatasi ikataka kutoboka.

Matokeo yalitangazwa bomani. Wanawake wa sokoni walimbeba mpaka mlangoni kwetu wakiimba. Mume wangu alikuwa anashona kwenye cherehani ya nyumbani, na hakuinua mguu.

Wiki hiyo mke mwenzangu alimwomba amshonee gauni la mikutano ya Kigoma. Akajibu kwamba ana kazi nyingi. Mke mwenzangu akapeleka kitambaa kwa fundi mwingine, kijana wa upande wa pili wa soko, na asubuhi ya safari akalivaa gauni lake. Mume wangu alimtazama akiwa mlangoni. Akamwita. Akamgeuza mabega, akapitisha kidole kwenye mshono wa mgongoni.

"Nani kakushonea hivi? Vua."

Lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Mume wangu alifumua mgongo wote na mkono mmoja wa gauni, akashona upya palepale, ameinama, pini mdomoni. Mke mwenzangu alisimama amejifunga kanga akimwangalia utosini. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai ya safari. Mume wangu alinishonea magauni yangu yote, lakini hakuwahi kufumua hata moja.

Bomba la sokoni lilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Hesabu zangu za nyuma ya pazia hazikutoka. Mke mwenzangu alipokuwa hayupo, mume wangu alikaa barazani akingoja lori, aulize mkutano umesema nini. Aliporudi walibishana hadi chakula kikapoa.

Kipindi cha mke mwenzangu kilipokaribia mwisho, mama yake aliugua, naye mke mwenzangu akasema anataka kurudi Busunzu kumwuguza na hatagombea tena. Kwa kuwa hakujua kama angerudi, aliomba talaka kwa upole, akapewa kwa upole. Nilimsaidia kufunga sanduku. Tukiwa tunakunja mashuka alisema, bila kunitazama:

"Dada, nikwambie kitu. Kila nilipompikia, alikuwa anaonja, halafu ananiuliza, 'Leo bi mkubwa kapika nini?' Kila siku. Kuna siku nilitamani kumwagia mchuzi kichwani."

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, na yeye akacheka. Nilifurahi sana, lakini sikumwambia. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha na kuku mzima kwa safari.

Baada yake udiwani ulikwenda kwa mwenye mgahawa, halafu kwa mwalimu mstaafu, na wote walikuwa watu wazuri. Mume wangu hakupeleka jina tena. Mimi nikabaki mke peke yangu, kama nilivyotaka. Hata sasa, maji yakikatika sokoni, mtu atasema, "Wakati wa yule mama hayakuwa hivi." Wanaponiona wananyamaza, wakidhani naumia. Naumia kweli, na nataka waendelee kumtaja.