Ng'ombe Wangu kwenye Inchi Sitini na Tano

Mimi ni muuza rangi, na kwenye mambo ya rangi sidanganyiki. Nina duka la vifaa vya ujenzi Olasiti, na kwa miaka mingi nimewachanganyia mafundi wa Arusha krimu, kijivu, na ile kahawia ya mageti ambayo kila mwenye nyumba anaipa jina lake. Mteja akija na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, namtolea rangi ile ile. Akirudi kulalamika, namwambia akaangalie kwanza taa ya sebuleni kwake. Kwa hiyo siku nilipoamua kununua TV kubwa, sikuona kwa nini nimwombe mtu ushauri.

TV yenyewe haikuwa ya kwangu. Ilikuwa ya baba mkwe. Alianguka kwenye mteremko kule kwake Olmotonyi, akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali tukamleta kwetu Sekei aendelee kupona karibu na daktari. Nyonga ikaunga vizuri. Mwenyewe ndiye hakupona. Chakula anakidonoa tu. Kutwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo kwa dirisha, uso ukutani, na dirisha hilo ndilo linaloonyesha Mlima Meru wote. Mtu aliyechunga chini ya mlima huo maisha yake yote, leo anaupa mgongo. Mume wangu alisema baba yake ana huzuni ya ng'ombe. Mimi nikasema tukiendelea kumwangalia hivi hivi tutamzika, na nilisema kwa sauti, mpaka mume wangu akaweka kidole mdomoni.

Hapa lazima nieleze mimi na mzee tunaitanaje. Mimi ni Mchaga, nimeolewa kwa Waarusha. Siku ya harusi nilifika mlangoni kwake na shela langu, nikagoma kuingia kama nilivyofundishwa, na yeye akanipa ng'ombe ili niingie. Tangu hapo haniiti jina, wala mimi simwiti jina. Ananiita Pakiteng, namwita Pakiteng. Ndivyo wanavyoitana waliopeana ng'ombe.

Kesho yake akanipeleka zizini kunionyesha huyo ng'ombe, nami nikamshukuru kwa ng'ombe mweusi. Mashemeji wakaanza kucheka. Ng'ombe hakuwa mweusi. Mweusi kwa Kimaa, lugha yao, ni narok. Wa kwangu alikuwa mugie, kahawia iliyokolea mno, iliyotaka kuwa nyeusi ikaghairi. Na mimi wakati huo tayari nilikuwa nauza rangi dukani kwa mjomba! Niliona aibu ambayo siisahau. Mzee hakucheka. Alijipa kazi ya kunifundisha, na kila nikienda Olmotonyi ananisimamisha zizini, ananyoosha fimbo na kuuliza, "Pakiteng, yule nini?" Miaka ikapita, nikahitimu. Ng'ombe wangu alishakufa, lakini amebaki mjukuu wake mmoja, naye ni mugie mtupu.

Basi shemeji anayebaki na mifugo akawa anatuma video kwenye simu, ng'ombe wakitoka zizini asubuhi. Mzee akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanirudishia. "Hao ni siafu," akasema. Nikaiweka video kwenye TV yetu ya zamani ya inchi thelathini na mbili. Akatazama kidogo, akasema sasa wamekuwa mbuzi, akageukia ukuta wake. Nikajiambia, kumbe tatizo ni ukubwa. Huyu nikimpa ng'ombe wake kwa ukubwa wa heshima, atakula. Ndivyo nilivyoamini, na nikishaamini jambo mimi sirudi nyuma.

Kuna asubuhi moja, wiki hiyo hiyo, nilimwinamishia kichwa kumwamkia kama kawaida, ili aniguse utosini. Mkono wake ukatua begani. Nikadhani ni mawazo.

Wiki nzima nikasoma mambo ya TV dukani kwangu kati ya mteja na mteja, na nikayaelewa kwa lugha ya rangi. Ile LED ya kawaida ina taa nyuma ya kioo, na taa hizo zinawaka muda wote, kwa hiyo nyeusi yake si nyeusi, ni kijivu kilichojikaza. QLED nayo ina taa nyuma, ila imeongezwa utando unaosafisha rangi, na inang'aa hata chumba kikiwa na jua. OLED haina taa nyuma kabisa. Kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe, na ikizimika imezimika, hapo ndipo unapopata nyeusi ya kweli. Lakini jua la dirishani hailipendi, na nembo ya kituo ikikaa pembeni siku nyingi inaweza kuacha alama. Mume wangu alitaka OLED kwa sababu ya mpira. Nikamwambia mpira ni majani ya kijani na watu wanaokimbia, hata LED inaweza.

Jumamosi nikamchukua mzee, fimbo yake na shuka lake, tukaenda duka moja kubwa la vifaa vya umeme mjini. Nilitaka achague mwenyewe. Tulipoingia tu akaweka kiganja juu ya nyusi, akasema taa za humu zinachoma. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akamwamkia "Shikamoo babu", akamletea kiti, kisha akanigeukia mimi mwenye pochi.

Ukutani TV zote zilikuwa zinaonyesha samaki wa rangi, matunda yaliyokatwa na rangi za maji zikimwagika. Nikamwambia, "Dada yangu, zima kwanza huo mpangilio wa dukani. Weka ule wa nyumbani, nione TV, nisione sherehe." Akanitazama vizuri sasa. Nikamwomba zile tatu za inchi sitini na tano, zikae jirani. LED milioni moja na laki tisa, QLED milioni mbili na laki nane, OLED milioni tano na nusu. Nikamwambia bei hizo ni za kuongea, tutazirudia. Akacheka, akasema mama umekuja umejipanga. Nikatoa flashi yenye video ya shemeji.

Tukaanza na LED. Geti la zizi likafunguka, wa kwanza kutoka ni yule mjukuu wa ng'ombe wangu. Kwenye kivuli cha uzio hata mimi niliona giza tupu. "Pakiteng, yule nini?" nikamuuliza mzee, kwa kumtania, kama anavyoniuliza yeye.

"Narok," akasema.

"Unaona?" nikamwambia dada. "TV yako imenigeuzia ng'ombe. Twende inayofuata."

Kwenye QLED ng'ombe alitoka kahawia, huna cha kubisha. Jua lilimpiga ubavuni, rangi ikafunguka kama kopo jipya. Nikamuuliza mzee tena. Akasogeza kiti, akakaza macho. "Narok."

Nikakasirika, na nasema ukweli, nilimkasirikia dada wa watu. Nikamwambia labda hajazima huo mpangilio, labda waya mbovu, labda anatuwekea ya mwaka juzi. Hakujibu kwa hasira, Mungu ambariki. Akahamisha flashi kwenye ile ya milioni tano na nusu.

Sijawahi kuona rangi imetulia hivyo kwenye kioo. Nundu, mkunjo wa shingo, vumbi mgongoni, vyote vipo, na mugie ni mugie. Nyuma yake akatoka ng'ombe mweusi kabisa, wakasimama ubavu kwa ubavu, mtu hahitaji hata kufundishwa. Nikamgeukia mzee nikiwa nimeshashinda.

"Wote wawili narok," akasema.

Dada akasema kwa upole, "Babu, huyu wa mbele mbona ni kahawia?"

"Binti," mzee akamjibu, "mimi nimemzalisha huyo ng'ombe kwa mikono hii." Sauti ilikuwa kali.

Hapo nikafanya ninachokijua. Kwenye mkoba natembea na kadi ya rangi za dukani, vipande vidogo vilivyopangwa. Nikaifungua kwenye kahawia iliyokolea, na nyeusi pembeni yake, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. Hakukuwa na TV hapo, wala taa nyuma ya kioo, wala utando. Nikamwambia, "Pakiteng, nionyeshe mugie."

Akaishika kadi. Akapitisha kidole gumba juu ya vipande vile, taratibu, huku na huku, anapapasa. Halafu akaikunja akanirudishia mkononi.

"Wa kwanza kunipotea alikuwa huyo wako," akaniambia, sasa kwa sauti ya chini, dada asisikie. "Misimu minne sasa. Nikaona siku moja weusi zizini wameongezeka mmoja. Baadaye wakaongezeka tena."

"Na mteremko?"

"Mteremko sikuuona." Akainama karibu zaidi. "Usimwambie mwanangu. Yeye na ndugu zake wakijua sioni, watagawana ng'ombe nikiwa hai."

Nilibaki nimechuchumaa pale kwenye vigae vya duka la watu, na hasira yote niliyokuwa nayo ikanirudia mwenyewe. Muuza rangi mzima. Mtu anaukimbia mwanga wa dirisha mchana kutwa, nasema ana huzuni. Ananigusa begani, nasema ni mawazo. Tulimtibu nyonga miezi mitatu na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini alianguka. Nilitamani anipige na ile fimbo.

Lakini mimi si mtu wa kulia dukani. Nikasimama, nikamshika mkono. "Pakiteng," nikamwambia, "mwanao nitamwambia leo leo, na wewe utaninunia wiki nzima. Ninune tu. Ng'ombe wako hagawi mtu, nitasimama mlangoni mwa zizi mimi mwenyewe, na safari hii hata wakinipa ng'ombe sitoki." Akatoa kicheko kifupi puani. Dada nikamwambia tutarudi, aniwekee bei yangu ya kuongea. Nadhani hakuamini.

Daktari wa macho alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na amekomaa. Akasema ni kazi ya kutoa ile lenzi yenye ukungu na kuweka nyingine, wanaanza na jicho moja, likipoa wanafanya la pili. Mume wangu alisikiliza yote hayo amesimama, kofia mkononi, halafu akatoka nje akakaa kwenye gari peke yake. Mzee alininunia siku nne, hakufikisha wiki.

Nilirudi dukani mzee akiwa anasubiri jicho la pili. Nilichukua QLED. Mume wangu aliuliza kama sikusema mwenyewe OLED ina nyeusi ya kweli, nikamwambia nilisema na sijafuta. Ila sebule yetu ina dirisha linalomeza mlima mzima, mwanga unaingia asubuhi mpaka jioni, na OLED mle ndani ingekuwa kioo cha kujitazamia. TV inanunuliwa kwa ajili ya chumba chake, kama rangi ya ukuta. Nililipa milioni mbili na laki tano, stendi ya ukutani juu yao, na dada akaniambia nikiacha biashara ya rangi nije nimsaidie kuuza.

Siku walipomtoa kitambaa cha jicho la pili, tulimrudisha nyumbani kabla ya saa sita mchana. Mapazia yalikuwa wazi. Aliingia sebuleni, akasimama, akautazama mlima muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akajivutia kile kiti cha pembeni, akakigeuza mwenyewe kikaacha ukuta.

Nikawasha TV. Geti likafunguka, wakatoka. Sikumuuliza kitu. Niliogopa, na huwa siogopi kirahisi.

"Mugie," akasema. Halafu akaanza kuwataja mmoja baada ya mwingine kwa Kimaa, haraka haraka, mwenye mabaka, mweupe, mwekundu, na katikati akasimama kumwambia mume wangu kwamba yule wa nyuma anachechemea, ampigie ndugu yake simu sasa hivi. Mume wangu akatafuta simu huku anajifuta uso.

Mimi nilienda mbele ya kiti chake na sahani ya chakula. Akaacha ng'ombe, akanitazama mimi. Alinitazama usoni, kwenye paji, kwenye nywele zilizochungulia chini ya kitambaa, bila haraka, kama mtu anayekagua.

"Pakiteng," akasema, "mbona umezeeka?"

"Ulikuwa wapi nikizeeka?" nikamjibu, na machozi yakawa yananitoka. Nikaweka sahani chini, nikamwinamishia kichwa. Mkono wake ukatua pale pale utosini.