Msalaba wa Louisville na Farasi wa Buffalo

Enzi zetu gari lilipowashwa, mtaa mzima ulijua limewashwa, na mwenye gari alijua kwamba mtaa unajua. Siku hizi mwanangu anabonyeza kitufe kwenye gari lake la umeme, ananyamaza, anatazama mbele. Namuuliza mbona hatuondoki. Ananijibu kwa Kiingereza kwamba tumeshaingia barabarani muda mrefu.

Sisi tulikulia Highview, Louisville, kwenye nyumba za kupanga zenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Baba yetu, ambaye kama Wakongo wengi tulimwita Papa, alinunua gari lake la kwanza Amerika kwa sababu lilikuwa na msalaba puani. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Hakukagua matairi, hakuuliza linakula mafuta kiasi gani, wala hakuhesabu milango. Milango ilikuwa miwili, na sisi tulikuwa watu saba. Lilikuwa Camaro kuukuu, rangi ya maini, injini ya silinda nane. Ile alama ya mbele aliiona ni msalaba uliolazwa ubavu, naye, mtoto wa kanisa kutoka milima ya Kivu, akaona kwamba katika nchi ya wageni ni heri kumwamini fundi anayemkiri Bwana hadharani.

Baadaye pasta alimweleza kwa upole kwamba ule si msalaba, watu husema ni tai ya shingoni. Papa akamtazama kifuani.

"Na wewe pasta uko na tai. Donc? Basi nini?"

Tangu siku hiyo gari likaitwa Msalaba, na hakuna aliyebisha tena, isipokuwa mtu mmoja huko Buffalo.

Mtu huyo alikuwa Baba Mdogo Byamungu, mdogo wake Papa wa tumbo moja. Vita viliwatenganisha wangali vijana. Mmoja aliishia kambi ya Tanzania, mwingine Uganda, na kwa miaka mingi kila mmoja alimwombea mwenzake kama marehemu. Walipokuja kujua kwamba wote wako hai, walikuwa wameshapelekwa Amerika, mmoja kusini huku, mwingine kule kwenye theluji, mtaa wa Kensington-Bailey. Simu ya kwanza walilia. Ya pili wakakosa la kusema. Utamwambia nini mtu uliyemzika moyoni? Ndipo Baba Mdogo akanunua Mustang, yenye farasi anayekimbia puani, silinda nane na yeye, na mazungumzo yakapatikana.

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Papa alifungua boneti, akawasha Msalaba, akapiga simu Buffalo na kuishika simu juu ya injini. "Sikia!" Kisha Baba Mdogo naye akawasha Farasi wake. "Sikia na wewe!" Papa alisema Farasi anakohoa. Baba Mdogo alisema Msalaba unakoroma ibadani. Hawakuulizana habari za afya hata siku moja. Mama alisema hayo ni mazungumzo ya wendawazimu, lakini Jumamosi alihakikisha simu ya Papa ina chaji.

Wakati wa kiangazi tulikutana Columbus, kwa kuwa iko katikati, kwa Shangazi Faida, dada yao, aliyekaa Whitehall. Nakumbuka safari hizo kwa magoti yangu. Tulipangwa kiti cha nyuma kama sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, kwenye sinia, mdogo wetu wa mwisho akilala miguuni mwetu, na mayai ya kuchemsha yakipita kutoka mkono hadi mkono. Hapakuwa na kiyoyozi wala sinema ya kuangalia. Kulikuwa na mgongo wa kiti cha Mama, na tuliutazama vizuri.

Kule Whitehall, harufu ya sombe ya Shangazi, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na harufu ya petroli zilikuwa kitu kimoja kwetu. Magari mawili yaliegeshwa pua kwa pua, boneti wazi, na wanaume wa Kikongo wa nyumba zote wakatoka na viti. Wengine walikuwa wa Msalaba, wengine wa Farasi. Kulikuwa na shemasi mmoja mwenye pikapu yenye kichwa cha kondoo dume, naye alidai injini yake inazishinda zote, lakini hakusikilizwa. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu: unafumba macho, gari moja linawashwa, unasema ni lipi. Aliyekosea alikwenda kusaidia kuosha vyombo. Mpaka leo naweza kuitambua injini ile nikiwa usingizini. Mwanangu hutambua gari lake kwa kutazama simu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya kuagana huko Whitehall. Watu wa Buffalo walikuwa wamepakia mizigo, wameshaombewa, na Farasi akakataa kuwaka. Akatoa sauti ndogo kama mtu anayeguna, basi. Papa hakucheka. Alileta waya za kuazimana umeme wa betri, akazinyoosha.

"Weka chini ile kamba yako," Baba Mdogo akasema. "Farasi haitapewa moto na Msalaba."

Viti vyote vilicheka. Nadhani kicheko ndicho kilichomponza Papa, maana alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Iko sawa na mwenyewe. Kelele mingi, na siku watu wanakuhitaji, hauko."

Hakuna aliyecheka tena. Sisi watoto tulijua ile habari kwa vipande. Siku vita vilipofika kijijini, Byamungu alikuwa amekwenda mjini, na Papa alimbeba mama yao mgongoni peke yake. Bibi hakufika mpakani.

Baba Mdogo alifunga boneti. Akaiacha Mustang palepale, akaipeleka familia yake Buffalo kwa basi.

Jumamosi zilizofuata sizisahau. Papa alifungua boneti saa ileile, akawasha, akaiweka simu juu ya bodi ya gari, akasubiri. Kisha akazima.

"Piga wewe," Mama alimwambia.

"Mimi ndiye mukubwa."

"Ndiyo sababu."

Papa hakupiga. Nilikuwa mtoto, lakini niliogopa woga wa mtu mzima. Niliona kwamba baba yangu alimpata ndugu yake mara moja, na sasa anampoteza mara ya pili, na safari hii hakuna wa kulaumiwa ila ulimi wake.

Aliyetuokoa ni mwenye nyumba wa Whitehall, bila kujua. Alimwambia Shangazi kwamba lile gari bovu litavutwa na kupelekwa kwenye chuma chakavu. Baba Mdogo akashuka Columbus kwa basi na kisanduku chake cha spana, baridi imeshaanza, na Jumamosi moja tukiwa kwenye chai simu ikaita. Papa akapokea. Hapakuwa na salamu. Kulikuwa na mngurumo, unachechemea. Papa akafumba macho kama sisi mchezoni.

"Silinda moja haiwake," akasema.

Baba Mdogo akauliza: "Ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ni ya ine," Baba Mdogo akasema, yaani ya nne.

"Ya tatu, Byamungu." Kisha, polepole: "Ile neno nilisema, minairudisha."

Injini ikaendelea kuchechemea huko Columbus. "Nimesikia," Baba Mdogo akajibu. "Lakini ni ya ine."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama alijifuta macho kwa kitambaa cha meza, akasema ni moshi, ingawa tulikuwa na jiko la umeme.

Farasi ameshaliwa na chumvi wanayoyeyushia theluji kwenye barabara za Buffalo, zamani sana. Baba Mdogo mwenyewe alipooza mwaka jana, na ulimi haumtii tena. Msalaba upo bado, unakaa chini ya turubai, na magoti ya Papa hayaingii humo bila msaada wangu. Mwanangu alimwambia kwa heshima kabisa, "Babu, tuuuze. Utachukua gari yangu, haina kelele."

"Sasa ndugu yangu nitamwambia nini?" Papa akamuuliza.

Watoto wetu na binamu zao hutumiana vidole gumba vya manjano kwenye simu, wanaridhika, na pengine ni mapenzi yaleyale kwa bei nafuu. Mimi Jumamosi iliyopita nilishika simu juu ya injini, maana Papa alikuwa ameketi kwenye usukani. Kule Buffalo, Mama Mdogo aliishika sikioni mwa mumewe. Papa alikanyaga mafuta mpaka ndege wakaruka, akazima, akasubiri.

"Anasema nini?"

"Hawezi kusema, shemeji," sauti ya Mama Mdogo ikajibu. "Amekunja tu uso."

Papa akashuka kwa msaada wangu, akafunga boneti taratibu, akaifuta kwa kiganja.

"Bon," akasema kwa kuridhika. "Bado anabisha."