Daftari la Wamama wa Lumumba

Niseme wazi: kwa kazi ya kutunza pesa za watu, hapa Bunia sikuona wa kunishinda. Nilitoka Butembo na sufuria mbili, na baada ya miaka michache wamama kumi na mmoja wa kartie yetu, mtaa wa Lumumba, waliniita Mama Banki.

Nasikia kwingine wageni hujenga reli kwa akiba za watu. Reli yangu ilikuwa baiskeli sita. Akiba ya wamama ilizinunua, wanaume wenye miguu migumu wakazisukuma mpaka Komanda na maharagwe, wakarudi na mawese. Kila Jumamosi niligawa faida, na kila jina na hesabu yake vilikuwa ndani ya daftari.

Vita ilipobana barabara, baiskeli mbili zilinyang'anywa kwenye barieri, kizuizi cha wenye bunduki. Sikumwambia mtu. Nilijaza pengo kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kununua mabati ya nyumba yangu, maana Mama Banki halii mbele ya wateja.

Kisha mapigano yakaingia mjini. Nilijifunga pesa tumboni kwa kitenge, nikasimama jikoni na daftari mkononi. Jina la mtu kwetu linataja kabila lake, na wenye bunduki wangeyasoma yale majina kabla ya hesabu. Nikalitia daftari kwenye mbabula, katikati ya makaa ya moto. Nina kichwa kizuri, lakini si cha kushika hesabu zote zile.

Wiki kadhaa baadaye, huko Komanda nilikokimbilia, wamama wote walikuwa wamenifikia, Mungu asifiwe. Tukaketi juu ya mkeka.

"Daftari nimechoma," nikawaambia. "Kila mutu aseme yake."

Wakaomba kwanza wasogee pembeni waongee. Basi, nikajua wanapatana kunimaliza. Wakizidisha kidogo tu, wa mwisho ataondoka mikono mitupu, na jina langu limekwisha.

Walirudi, wakasema, nikalipa. Nilipomlipa wa mwisho, kitenge kilikuwa bado na pesa. Nikawaambia kuna aliyejipunja, aseme tena. Muuza mawese, mwenye mdomo mkali kuliko wote, akacheka.

"Weye ulifikiri hatujue juu ya zile baiskeli mbili? Wasukumaji walituambia siku ile ile. Na nyumba yako tuliona imebaki bila mabati. Siye wote tumejikata, kila mutu kidogo kwa hesabu yake. Hiyo ni mabati yako, mama."

Nilitaka kuwafokea: nani amewaruhusu kuchezea hesabu zangu? Nikalia mbele ya wateja wangu, wote kumi na mmoja.