Themostati ya Saima

Simu ya Dale ilinikuta Jumatano mchana naosha vyombo, nje theluji inaanguka kama imetumwa.

"Shangazi, themostati ya Mama imezimika tena. Tangu jana jioni. Nilidhani ni intaneti tu."

"Aa, umeme huo," nikamjibu. "Huku upepo ukikohoa tu, nguzo zinalala. Nitakwenda kutazama."

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu na redio inaimba. Nilisema uongo huku povu likinidondoka viwikoni. Sikuwa mgeni wa uongo huo. Lakini safari hii nilipoweka simu niliacha vyombo majini, maana siku hiyo haikuwa Jumamosi.

Ngoja niseme vizuri nisikuchanganye. Saima Lahti ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu Urho. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna shamba la viazi ambalo hakuna anayelilima tena. Wakati wa baridi huku Keweenaw, rasi iliyoingia ziwani kaskazini mwa Marekani, shamba hilo huwa theluji tupu, na ziwa likichafuka huoni hata mkono wako mwenyewe. Dale ni mwana wa pekee wa Saima. Anakaa Arizona, mahali ambapo watu wanalalamikia jua.

Nimegombana na Saima tangu siku alipoolewa. Alikuja kwetu na sufuria zake mwenyewe, utadhani mama yetu alikuwa anapikia kwenye kopo! Kisha akawa mpishi wa shule, miaka na miaka, watoto wa wilaya nzima wamekula mkono wake. Mpaka leo mwanamume mwenye mvi akikutana naye dukani anavua kofia na kumwita Bibi Lahti, kwa sababu aliwahi kumkaripia alipoacha karoti kwenye sahani. Na dansi je? Wee! Saima akiingia ukumbini, wanawake wengine walikuwa wanakumbuka kwamba wamechoka. Urho hakujua kucheza. Alisimama pembeni amemshikia koti, anacheka. Mimi nilimwita Saima kichwa kigumu, yeye akaniita domokaya, na hivyo ndivyo tulivyopendana.

Sasa lile jiko. Sebuleni kwake kuna jiko la gesi la kupasha nyumba joto, la chuma, lenye kioo mbele. Urho alilinunua kwa sababu moja: halitaki umeme wa mtu. Ndani yake kuna mwali mdogo unaowaka usiku na mchana, na joto la mwali huo linazaa umeme kiduchu, unaotosha kufungua gesi jiko likitakiwa kuwaka. Nyaya mbili zilitoka kwenye jiko mpaka ukutani, kwenye themostati ya zamani, kidude cha kuzungusha kwa mkono kuliamuru jiko liwake au lizime. Nguzo zilale wiki nzima, Saima anaota moto.

Basi Novemba Dale akaja kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, akaja na themostati ya kisasa, ile ya kuongea na simu. Yeye akiwa kwake Arizona anaona nyumba ya mama yake ina joto kiasi gani, anaongeza, anapunguza. Tatizo ni kwamba themostati hiyo inataka umeme wake yenyewe. Ni mdogo tu, volti ishirini na nne, lakini usikatike hata kidogo, na jiko halina wa kuigawia. Ikabidi aweke adapta kwenye soketi nyuma ya kochi, waya ukapanda ukutani mpaka kwenye themostati. Katikati akafunga kiswichi cha kutenganisha, ili umeme wa adapta usije ukaingia kwenye jiko ukaunguza valvu. Mimi ndiye niliyemshikia tochi.

"Na hiyo adapta ikikosa umeme?" nikamuuliza.

"Jiko linazimika. Lakini kuna swichi hapa chini ya jiko, Shangazi, nyuma ya hiki kifuniko. Unaisukuma upande huu, jiko linawaka lenyewe bila themostati. Mama anaijua. Si ndiyo, Mama?"

"Nilikuwa nawasha moto kabla hujaota meno," akasema Saima.

Kisha Dale akasema lile alilokuja kulisema. "Mama, haya ndiyo makubaliano yetu. Nikiona nyumba ina joto, unabaki hapa. Nikiona inapoa pasipo sababu, unakuja kukaa na sisi."

Gari la Dale lilipoishia kwenye kona, Saima alinishika mkono mpaka ukauma. "Irja, wakinitoa hapa nitakufa." Nami nikamwambia hakuna wa kumtoa nikiwa hai. Niliyasema hayo kwa hasira, na nilikuwa nayamaanisha.

Lakini sisi Wafini wa huku, ambao wazee wetu walitoka Ufini, tuna desturi yetu. Jumamosi kabla ya kuingia sauna, kibanda chetu cha kuoga kwa mvuke, unachomoa kila kitu ukutani. Sauna iko uani, nyumba inabaki peke yake, na kila familia ina habari ya nyumba iliyoteketea wenyewe wakiwa uchi huko nje wanajimwagia maji. Kwa Saima haikuwa habari ya kusikia. Ilikuwa nyumba ya mjomba wake, naye aliiona. Basi Jumamosi ya kwanza baada ya Dale kuondoka, Saima akachomoa kibaniko cha mkate, akachomoa redio, akachomoa na adapta. Alipotoka sauna akarudisha vingine vyote, adapta akaisahau. Dale akanipigia simu, nikavuka shamba, nikaichomeka, nikamwambia mtoto umeme ulikatika. Jumamosi iliyofuata, yale yale. Ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, hiyo adapta usiiguse! Ndiyo inayokuweka hapa!"

"Adapta ipi?"

"Usinichezee shere."

"Na wewe usinipigie kelele nyumbani kwangu, domokaya."

Nikacheka. Niliona ni ukaidi wake wa siku zote. Nikabandika plasta juu ya adapta, nikaandika kwa wino mwekundu USICHOMOE, nikarudi kwangu nimeridhika kabisa.

Sasa ilikuwa Jumatano. Jumatano hakuna sauna, na hakuna sababu yoyote ya kuchomoa kitu. Nilivaa haraka haraka nikatoka, na upepo ukanipiga kofi mlangoni. Katikati ya shamba nyumba yake ikapotea, nikageuka, na yangu nayo haikuwepo. Nilisimama pale katika weupe mtupu, nikifikiri, Irja, utakufa hapa kwa sababu ya adapta. Kisha upepo ukapumua kidogo, nikaona paa lake, nikaenda nalo.

Ndani kulikuwa na baridi ya kuona pumzi yako. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, theluji imeingia mpaka kwenye zulia la jikoni.

"Saima!"

Kwenye jiko kulikuwa na ule mwali mdogo tu, peke yake. Adapta niliikuta mezani, imeviringishwa vizuri kwenye taulo la vyombo pamoja na kibaniko, plasta yangu ingali juu yake. Nikaenda chumbani, kitanda kimetandikwa. Bafuni hayupo. Nikasimama juu ya ngazi za kushukia chumba cha chini ya nyumba nikaita, miguu ikakataa kushuka, maana nilikuwa na hakika nitamkuta amelala pale chini. Nikaishusha kwa nguvu. Hakuna mtu. Nikaanza kuomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani huwa naenda kwa ajili ya kahawa.

Koti lake la kanisani halikuwa kwenye ndoano. Nikachungulia mlango wa nyuma, nikaona nyayo, theluji imeshazijaza nusu. Zilielekea sauna. Na bomba la sauna halikuwa linatoa moshi.

Sijui nilifikaje. Najua nilianguka, na kofia yangu ilionekana wakati theluji ilipoyeyuka.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la chini, koti limefungwa vifungo vyote, taulo mbili zimekunjwa magotini, miguuni soksi tu. Njiti za kiberiti zilitapakaa sakafuni, zote zimeungua. Ndani ya jiko la sauna hakukuwa na hata kuni moja. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Funga mlango, Irja," akasema. "Unatoa joto."

"Joto gani? Saima, mpenzi, unafanya nini hapa?"

"Namsubiri Urho. Kaenda kuleta kuni. Na wewe unamjua kaka yako, akikutana na mtu njiani basi."

Urho tulimzika mimi na yeye tumeshikana mikono. Nimewahi kuogopa dhoruba, nimewahi kuogopa majibu ya daktari, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoyaogopa maneno yale, kwa jinsi alivyoyasema kawaida tu, kama mtu anayekutajia bei ya mayai.

"Atatukuta ndani," nikasema. "Twende tukanywe kahawa."

"Kahawa yako ni maji."

"Basi utapika wewe. Inuka."

Nilimvisha glavu zangu miguuni, nikamkumbatia kiunoni, nikamkokota mpaka ndani. Mwepesi! Sikujua wifi yangu amekuwa mwepesi hivyo. Nikamweka kwenye kochi, nikamfunika kila blanketi lililokuwemo, nikapiga magoti mbele ya jiko, nikang'oa kile kifuniko na kusukuma swichi. Moto ukapanda wote kwa mkupuo.

Saima aliinama kutazama. "Kumbe linawashiwa hapo?"

Nikaona uso wake unabadilika polepole, anaangalia swichi, ananiangalia mimi, anaangalia swichi.

"Irja, hiyo mimi niliijua."

"Uliijua."

"Urho alinionyesha. Niliijua vizuri." Akajigusa paji la uso. "Sasa imekwenda wapi?"

Nikamkumbatia. Tulikaa hivyo, naye akinikandamiza kichwa begani kama mtoto aliyeota vibaya, mpaka simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa Dale.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Umeme, mwanangu, umerudi sasa hivi. Niliona kwamba nikiusema, nitamkuta wifi yangu amekufa kwenye theluji kabla ya masika. Nisipousema, nimemtoa nyumbani kwake kwa mdomo wangu mwenyewe. Simu ikaendelea kulia.

"Nipe," akasema Saima.

"Wifi, si lazima."

"Nipe simu, Irja."

Akaishika kwa mikono yote miwili.

"Dale? Huyu shangazi yako anakudanganya, anadhani ananisaidia. Hakuna umeme uliokatika. Mimi ndiye ninayechomoa, na sijui kwa nini. Leo nimemsubiri baba yako sauna." Dale akaanza kumkatiza. "Hapana, sikiliza kwanza. Naogopa. Nimeogopa muda mrefu, sikutaka kusema. Njoo unichukue, mwanangu, njoo wakati bado nakujua."

Niliisikia sauti ya Dale kutoka pale nilipokaa. Mwanamume mzima, alikuwa analia kama mtoto, anasema nakuja, Mama, kesho nipo kwenye ndege. Saima akamwambia avae koti la maana, kisha akanirudishia simu.

Nikaenda kufunga mlango wa nyuma na kuondoa theluji jikoni. Nilichelewa huko makusudi, nalia na mimi. Niliporudi na vikombe viwili vya kahawa, nyumba ilikuwa imeanza kupata joto na mashavu yake yalikuwa yamerudisha rangi. Akaonja, akakunja uso.

"Nani alikuwa kwenye simu?"

Nikadhani ananitania. Nikamtazama. Hakuwa ananitania.

"Dale," nikasema.

"Anasemaje?"

"Anakuja kesho."

"Kesho!" Uso wote ukamchanua, miaka ishirini ikamtoka mara moja. "Dale anakuja kesho, na wewe umekaa tu unakunywa kahawa? Hebu inuka! Unga uko wapi? Yule mtoto anapenda mkate wa iliki, ukilala ndio mtamu. Anakuja kukaa siku ngapi?"

"Hakusema."

"Basi tutaoka mingi."

Anakuja kufanya nini, hilo sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Niliinuka nikamtafutia unga.